Bakapu Ipo, Seva Haiwaki: Kinachotokea Mashine Pepe Inapohamia Jukwaa Jingine

Katika ofisi nyingi za Mwanza siku hizi kuna mazungumzo yanayojirudia kati ya mhasibu na mtu wa TEHAMA. Mhasibu anasema: "Kaka, kila asubuhi unatuambia bakapu ya usiku imekamilika. Sasa si uichukue hiyo bakapu uiweke kwenye seva mpya, kesho tuendelee na kazi?" Mtu wa TEHAMA anajibu kwamba anahitaji wiki nzima, anaanza kutaja herufi ambazo mwenzake hajawahi kuzisikia, na mwishowe wanaachana kila mmoja akidhani mwingine anamzungusha. Iwe ni kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, SACCOS ya walimu, zahanati binafsi pale Buzuruga au chuo kule Nyegezi, ubishi ni uleule.

Mhasibu ana haki ya kuuliza. Bakapu, yaani nakala ya akiba, inalipiwa, inakula muda wa watu, na sababu pekee ya kuwa nayo ni siku kama hiyo. Lakini bakapu na mashine inayowaka ni vitu viwili tofauti, na umbali kati yao huongezeka sana pale seva mpya inapotumia jukwaa, yaani programu ya msingi inayobeba mashine zake, lisilo la ile ya zamani.

Kwanza, kwa nini jambo hili limezuka sasa? Kwa miaka mingi chaguo la kawaida la seva za ofisi lilikuwa VMware, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua kwa thamani ya karibu dola bilioni 69. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba leseni za kudumu hazitauzwa tena. Anayetaka kuendelea alipie kwa vipindi. Februari 2024 likaondolewa hata toleo la bure la ESXi, jukwaa la VMware, lile ambalo ofisi ndogo zisizo na bajeti zilikuwa zikilitegemea. Lilirudishwa Aprili 2025, lakini kufikia hapo wengi walikuwa wameshaanza kufungasha. Wengine wameelekea Hyper-V ya Microsoft, iliyopo tangu 2008. Wengine wameenda Proxmox, inayotengenezwa na kampuni ya Vienna, Austria, nayo ilianza 2008. Wachache wako XCP-ng, jukwaa jingine.

Kuna hofu kwamba Proxmox ni kitu cha kuchezea kwa kuwa haidai leseni. Hofu hiyo haina msingi. Kiini chake ni KVM, ambayo imekuwa ndani ya mfumo endeshi wa Linux tangu 2007, na watoa huduma wakubwa wa wingu duniani wanajenga juu ya teknolojia hiyohiyo. Anayetaka msaada wa kampuni analipia msaada. Anayeweza kujisaidia halipi.

Sasa tuweke maneno mezani.

Seva ni kompyuta yenye nguvu inayohudumia kompyuta nyingine. Zamani seva moja ilibeba kazi moja: hii ya uhasibu, ile ya barua pepe, ile ya rekodi za wagonjwa. Ilikuwa hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya siku kila moja ilikuwa imekaa bure. Ndipo ikaja programu inayoweza kuigawa seva moja ya chuma katika kompyuta kadhaa zinazojitegemea. Programu hiyo inaitwa haipavaiza, na kila kompyuta inayotokana na mgawanyo huo ni mashine pepe. Mafundi huiita VM. ESXi ni haipavaiza. Hyper-V na KVM nazo pia.

Picha iliyo karibu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ndiye haipavaiza: anagawa vyumba, umeme na maji, na kuhakikisha mpangaji wa chumba kimoja haingii cha mwenzake. Wapangaji ni mashine pepe. Kila mmoja anaishi kana kwamba nyumba yote ni yake. Anajua soketi iko wapi na bomba liko wapi, lakini hajui waya umepita wapi ndani ya ukuta. Kuhama jukwaa ni mpangaji kuhamia kwa mwenye nyumba mwingine. Vyombo vyake ni vilevile, ila mlango ni mwembamba kidogo, soketi ni za aina nyingine, na bomba limetokea upande wa pili. Vyombo havina kosa lolote, lakini usiku wa kwanza taa haziwaki.

Vyombo hivyo ni nini hasa? Ni diski. Mashine pepe haina diski ya chuma ya kwake. Ina faili moja kubwa ambalo yenyewe inaamini ni diski. Ndani ya faili hilo mna Windows au Linux, programu ya uhasibu, hifadhidata, kila kitu. Kila jukwaa lina namna yake ya kuliandika. VMware hutumia VMDK. Hyper-V ilianza na VHD, ambayo mwisho wake ni terabaiti 2 hivi, kisha mwaka 2012 ikaja VHDX inayofika terabaiti 64. Dunia ya KVM hutumia QCOW2, au fomati ghafi ambayo ni diski yenyewe baiti kwa baiti bila pambo lolote. VirtualBox, haipavaiza nyingine, ina VDI yake.

Yaliyomo ndani ni yaleyale, kwa hiyo kugeuza fomati moja kuwa nyingine ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kuna zana ya bure iitwayo qemu-img ambayo kwa amri moja husoma VMDK na kuandika QCOW2 au VHDX. Kampuni ya StarWind nayo inatoa kigeuzi cha bure chenye vitufe, kwa asiyependa kuandika amri. Watu wengi huogopa kwamba ugeuzaji utaharibu data. Hauharibu. Zana inasoma faili la zamani na kuandika faili jipya pembeni. La zamani haliguswi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachopotea ni muda na nusu ya faili jipya. Unalifuta, unaanza tena.

Kinachoharibu ni njia ya mkato ya kubadili jina. Mtu anachukua faili linaloishia na .vmdk, analiandika upya liishie na .vhdx, kisha anashangaa Hyper-V inalikataa. Jina la mwisho wa faili ni lebo tu. Kubadili lebo hakubadili kilichomo, na likirudishwa jina lake faili bado ni zima. Wapo waliolifuta wakiamini limekufa, na hiyo ndiyo hasara ya kweli.

Angalizo moja kwa fundi anayerudi upande wa VMware: VMDK si ya aina moja. Ile ambayo qemu-img huitoa kwa kawaida inaeleweka na VMware ya kwenye kompyuta ya mezani, lakini ESXi inataka igeuzwe mara nyingine kwa zana yake yenyewe, vmkfstools. Na faili dogo la VMDK unaloliona kando ya kubwa lenye neno "flat" si takataka. Dogo ni maelezo, kubwa ndiyo data, na ukinakili moja bila jingine umebeba nusu ya mzigo.

Kama ugeuzaji wa diski ni rahisi hivyo, ugumu uko wapi? Unaanzia kwenye bakapu yenyewe.

Wengi huamini bakapu ni nakala ya diski iliyokaa mahali fulani ikisubiri. Mara chache huwa hivyo. Programu ya bakapu huifungasha diski kwa namna yake: inaibana, inaruka sehemu tupu, inaepuka kuhifadhi kitu kilekile mara mbili, na pengine inaifunga kwa nenosiri. Programu ya Veeam huandika faili la .vbk kwa bakapu kamili, kisha mafaili ya .vib kwa mabadiliko ya kila siku. Proxmox ikiandika kwenye diski ya kawaida hutoa faili la .vma lililobanwa. Ukitumia Proxmox Backup Server, seva yake maalumu ya bakapu, hupati faili hata moja la kushika mkononi. Diski imekatwa vipande vya megabaiti 4, na vipande hivyo hutumika kwa pamoja na bakapu za siku nyingine na mashine nyingine. XCP-ng ina .xva. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo qemu-img inaweza kuisoma moja kwa moja. Lazima kwanza ifunguliwe na programu iliyoifunga.

Hapa ndipo ningependa kila meneja asome taratibu. Bakapu uliyotengeneza kwa programu fulani inahitaji programu hiyo ili ifunguke, na mara nyingine inahitaji jukwaa la zamani liwe hai. Kama mpango wenu ni "seva ikiungua tutarejesha kwenye jukwaa jipya," basi siku ya kujua kama jambo hilo linawezekana ni leo, wakati seva ya zamani ingali inapumua, leseni ingali inafanya kazi na nenosiri la bakapu lingali kichwani mwa mtu aliye kazini. Nenosiri la bakapu iliyofungwa likipotea hakuna fundi wa Mwanza wala wa Marekani atakayeifungua. Liandikwe, liwekwe kabatini pamoja na hati za ofisi.

Tena ule mnyororo wa bakapu za kila siku una tabia yake. Bakapu ya Ijumaa inaweza kuwa na mabadiliko ya Ijumaa peke yake. Ili uirejeshe unahitaji ile kamili ya Jumapili na zote za katikati. Anayenakili faili la mwisho tu kwenye diski ya USB kwa sababu ni dogo na linaingia upesi, hajanakili kitu kinachoweza kusimama peke yake.

Kwa toleo la bure la ESXi hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa programu za bakapu kama Veeam hazikuweza kufanya kazi nalo kwa njia ya kawaida. Ofisi ndogo zikawa zinategemea snapshoti. Snapshoti si bakapu. Ni alama inayowekwa kwenye diski ili mabadiliko mapya yaandikwe kwenye faili la pembeni, uweze kurudi nyuma ukikosea. Inategemea diski ya awali iliyo chini yake, na mara nyingi hukaa kwenye chuma kilekile. Chuma kikiungua vyote vinaondoka pamoja. Ubaya wake wakati wa kuhama ni mkubwa zaidi: ukigeuza diski ya awali bila kuunganisha snapshoti kwanza, utapata mashine inayowaka vizuri kabisa ikiwa na vitabu vya miezi sita iliyopita. Hakuna ujumbe wa kosa. Watu wanaanza kuingiza miamala. Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye jukwaa la zamani, futa snapshoti zote kwa utaratibu wake ili ziunganishwe, ndipo uzime mashine na kunakili.

Tuseme sasa diski imefunguliwa, imegeuzwa na kuwekwa kwenye jukwaa jipya. Unabonyeza kuwasha. Hapa ndipo soketi na mabomba ya nyumba mpya yanapojitokeza.

La kwanza ni namna ya kuamka. Kompyuta huamka kwa BIOS, ambayo ni utaratibu wa zamani, au UEFI, ambao ni mpya. Diski iliyoandaliwa kwa mmoja haiamki kwa mwingine. Kwenye Hyper-V uchaguzi huu umejificha nyuma ya neno "kizazi": kizazi cha 1 ni BIOS, cha 2 ni UEFI, na ukishaunda mashine huwezi kubadili. Ukikosea utaona kioo cheusi kinachosema hakuna mfumo wa kuwasha, nawe utadhani bakapu ni mbovu. Bakapu haina tatizo. Futa mashine, unda nyingine ya kizazi sahihi, ambatisha diski ileile.

La pili, ambalo ndilo linalowaliza mafundi wengi zaidi, ni kontrola ya diski. Kontrola ni mlango ambao Windows hupitia kuifikia diski yake. VMware inampa Windows mlango wa aina moja, Proxmox ina mlango wake wa kasi uitwao VirtIO, na Windows haiji na ufunguo wa VirtIO, yaani draiva. Matokeo ni kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mtu akiona hivyo hudhani diski imeharibika, anaanza kurejesha upya, na kioo kinarudi kilekile, kwa sababu alichorejesha kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Dawa yake ni ya uvumilivu. Iwashe kwanza kwa mlango wa SATA, ambao Windows za miaka ya karibuni zinaujua. Ikishaamka weka draiva za VirtIO. Kisha ongeza diski ndogo ya pili, gigabaiti 1 inatosha, uiunganishe kwa VirtIO ili Windows ilazimike kuizoea draiva hiyo. Zima, ondoa ile ndogo, hamishia diski kuu kwenye VirtIO, washa. Hatua ya diski ndogo inaonekana ya kipuuzi na ndiyo inayorukwa kila mara, lakini bila hiyo draiva inakuwa imewekwa tu bila kuandaliwa kutumika wakati wa kuamka.

Linux ina ahueni, kwani draiva za VirtIO ziko ndani ya kiini chake. Hata hivyo baadhi ya matoleo hutengeneza kifurushi cha kuwashia chenye draiva za chuma kilichopo tu, ili kiwe chepesi. Kitengenezwe upya kikiwa na draiva zote kabla mashine haijaondoka kwenye jukwaa la zamani.

La tatu ni mtandao. Mashine imewaka, umeingia, kila kitu kinaonekana, lakini hakuna kompyuta ya ofisini inayoiona. Sababu ni kwamba kadi ya mtandao iliyokuwa nayo haipo tena, imepewa nyingine. Kwenye Linux jina lake linaweza kutoka ens192 ya VMware likawa ens18 ya Proxmox, wakati faili la mipangilio bado linaitafuta ya zamani. Kwenye Windows anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao) uliyoipanga kwa mkono inabaki imeshikiliwa na kadi ya zamani iliyojificha, na ukijaribu kuipa kadi mpya unaonywa kuwa ina mwenyewe. Kabla ya kuhama, andika kwenye karatasi anwani ya IP, lango la mtandao na anwani za DNS za kila mashine. Karatasi hiyo ina thamani kuliko zana yoyote niliyoitaja.

Hapohapo kwenye mtandao kuna jambo linalohusu wahasibu moja kwa moja. Baadhi ya programu za biashara hufunga leseni yake kwenye namba ya kadi ya mtandao, ile anwani ya MAC. Namba ikibadilika, programu inasema leseni si halali, na muuzaji yuko Dar es Salaam au Nairobi na hapokei simu Jumapili. Majukwaa yote makubwa yanaruhusu kuipa kadi mpya namba ileile ya zamani, kwa hiyo inakiliwe nayo. Nyingine hutegemea kidude cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva. Hicho hakimo ndani ya bakapu yoyote. Lazima kihamishwe kwa mkono na kuelekezwa kwenye mashine husika.

Halafu kuna saa. Windows hutegemea saa ya chuma iwe ya mahali ilipo. Linux hupenda iwe ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Ukiunda mashine kwenye Proxmox ukasahau kuiambia kwamba ndani yake mna Windows, inaweza kuamka ikiwa nyuma saa tatu. Mauzo ya saa tano asubuhi yanaingia kama ya saa mbili. Kwa kiwanda cha samaki si kosa la kupuuza: kila shehena ya minofu ya sangara inayoenda Ulaya lazima ifuatiliwe nyuma hadi ilikopokelewa, na wanaokumbuka soko hilo lilipofungwa mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajua rekodi ina uzito gani.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Ondoa VMware Tools, programu saidizi za VMware zilizo ndani ya mashine, kabla ya kuhama, kwani ukishafika ugenini hukataa kuondoka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ambayo ni kufuli ya diski ya Windows, isimamishe kwa muda na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48, maana chuma kikibadilika itauuliza. Windows yenyewe inaweza kudai ithibitishwe upya.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kuuliza kama hakuna njia fupi. Zipo. Tangu 2024 Proxmox ina dirisha la kuleta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, linalofaa sana mradi ESXi iwe bado hai. Veeam, ambayo tangu mwaka huohuo inaelewana na Proxmox, inaweza kuchukua bakapu ya VMware na kuirejesha huko au kwenye Hyper-V, na ina toleo la bure la hadi mashine 10. Hizi hupunguza kazi ya kufungua na kugeuza. Haziondoi mambo ya soketi na mabomba. Mengine zinashughulikia, mengine zinakuachia.

Na ipo njia ambayo naona inadharauliwa bila sababu: kutohamisha mashine kabisa. Kama SACCOS ina mashine moja yenye programu moja na hifadhidata moja, unda mashine mpya safi kwenye jukwaa jipya, sakinisha programu, kisha rejesha bakapu ya hifadhidata pekee. Hifadhidata haijui wala haijali iko chini ya haipavaiza gani. Utapata Windows mpya isiyo na mabaki ya miaka minane, na kazi yote huisha kwa siku moja. Kuhamisha mashine nzima kunafaa pale ambapo aliyesakinisha programu ameshaondoka, CD imepotea na hakuna anayejua ilivyopangwa. Hali hiyo ni ya kawaida kuliko inavyokubaliwa, na ndiyo sababu makala haya yameeleza njia ndefu.

Hata ukihamisha mashine nzima, chukua pia bakapu ya hifadhidata kutoka ndani ya programu yenyewe. Bakapu ya mashine inayochukuliwa wakati watu wanafanya kazi inaweza kuikuta hifadhidata katikati ya sentensi. Programu nzuri za bakapu huiomba itulie kwanza, lakini ombi hilo hupitia kwa msaidizi aliyewekwa ndani ya mashine, na kama msaidizi hayupo, bakapu inaendelea bila kuombwa utulivu.

Suala la muda ndilo huleta ugomvi mkubwa ofisini, kwa hiyo tupige hesabu. Diski ya terabaiti 1 kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1 huchukua kama saa mbili na nusu kuhama, kila kitu kikienda sawa. Kwenye mlango wa USB wa zamani ni saa tisa hivi. Kwa intaneti ya "20", ambayo ni megabiti 20 kwa sekunde na siyo megabaiti, ni zaidi ya siku nne na nusu bila kupumzika. Anayesema "tuweke tu kwenye wingu" aulizwe kwanza kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Na nafasi: unahitaji pa kuweka bakapu, diski iliyofunguliwa na diski iliyogeuzwa kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya terabaiti 1, diski ya USB ya terabaiti 2 haitoshi kwa raha.

Ndiyo maana wiki moja si uvivu wa fundi. Sehemu kubwa ya wiki hiyo ni jaribio: kurejesha mashine kwenye jukwaa jipya huku ya zamani ikiendelea na kazi, kuiwasha ikiwa imechomolewa kwenye mtandao, kisha mhasibu mwenyewe kuketi mbele yake kutazama kama salio la jana limo. Fundi anaweza kuthibitisha kwamba mashine inawaka. Kwamba vitabu ni sahihi anaweza kuthibitisha mwenye vitabu tu. Jaribio likipita ndipo inachaguliwa siku ya kuhama kweli, kwa bakapu mpya, na siku hiyo kazi ya kusimama inakuwa ya saa chache.

Kuichomoa kwenye mtandao wakati wa jaribio ni lazima. Nakala ina jina lilelile na anwani ileile. Zikiwaka zote mbili kwenye mtandao mmoja, kompyuta za ofisi zitaongea mara na hii mara na ile. Risiti kumi zinaingia huku, nane kule, na hakuna zana ya kuziunganisha isipokuwa mtu na kalamu. Siku ya kuhama yenyewe, ya zamani izimwe na kuzuiwa isijiwashe umeme ukirudi. Mpangilio huo wa kujiwasha upo karibu kwenye kila seva, na katika mji ambao umeme hukatika usiku ndio uliowahi kuziamsha mashine mbili pamoja wakati kila mtu amelala.

Kazi ikiisha, usiiondoe seva ya zamani siku hiyohiyo. Iache ikiwa imezimwa lakini nzima hadi hesabu za mwezi zifungwe, kwa sababu ripoti ya mwisho wa mwezi hugusa sehemu za programu ambazo kazi ya kila siku haizifikii. Kisha rudi kwenye zile diski za USB. Njiani umetengeneza nakala tatu au nne za hifadhidata nzima: majina ya wanachama, namba za simu, mikopo, pengine majibu ya vipimo vya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inamfanya mwenye taarifa hizo kuwajibika kwa kila nakala, hata ile iliyosahaulika kwenye droo ya fundi. Orodhesha nani alibeba nini, futa zote isipokuwa ile mliyokubaliana kuihifadhi, na uanzishe bakapu ya usiku kwenye jukwaa jipya kabla hamjaondoka ofisini jioni hiyo, maana bakapu zote za zamani bado ziko kwenye fomati ya nyumba mliyohama.